Nimehama kampuni ya gesi ili nipunguze bili, sasa makato yamepanda

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie kabla sijakosana na mume wangu, na kabla sijakosana na mama mkwe, maana jambo ni moja lakini limetuingia wote.

Tunaishi Leicester, sisi wawili na watoto wawili, tumepanga nyumba ya vyumba vitatu, zile za kushikana ukuta na jirani. Bili ya umeme na gesi ipo kwa jina langu. Tangu tuhamie hapa tulibaki na kampuni tuliyoikuta, bei ikipanda na kushuka bila sisi kuulizwa. Mwezi wa tisa mwaka 2024, mwenzangu kazini (nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee) akaniambia kuna kampuni inafunga bei mwaka mzima, na nikipitia kwake kila mmoja wetu anapata vocha ya £50. Tukakaa kwenye chumba cha mapumziko, akanijazia fomu kwenye simu. Palipoulizwa nyumba ni ndogo, ya kati au kubwa, nikasema ndogo, kwa sababu ni ndogo kweli. Ikatoka £100 kwa mwezi. Kule nilikuwa nalipa £139. Sikuuliza kingine.

Tukahama tarehe 1 Oktoba. Hakuna fundi aliyekuja, hakuna kilichozimwa. Mume wangu alipiga picha mita zote mbili asubuhi ile akanitumia WhatsApp, nami nikazituma kampuni mpya. Wiki mbili baadaye mama mkwe akaja kututembelea kutoka Tanga. Mwezi wa nne anarudi. Ni mama mwema, sina baya naye, lakini baridi ya hapa imemshinda. Nikirudi asubuhi nakuta boila inanguruma, kidhibiti cha joto kimewekwa 25, yeye kajifunga kanga mbili na blanketi juu, na dirisha la jikoni liko wazi kwa sababu anasema nyumba haina hewa.

Mwisho wa Januari kampuni mpya wakaniomba namba za mita, nikawatumia. Hazikupita siku nyingi wakaniletea barua pepe: wamekagua akaunti yangu, nadaiwa £319, na kuanzia Februari makato yangu ya benki yatakuwa £156. Anti, £156! Nilihama kutoka £139 ili nilipe £156? Na si walisema bei imefungwa? Juu ya hapo kampuni ya zamani nayo inanidai bili ya mwisho ya £187, wameshaanza kutuma barua za kunitisha.

Mume wangu anasema nifute makato benki, turudi tulikotoka, tena anasema vikampuni hivi hufa usiku na fedha za watu. Shemeji anasema tuzime gesi, tununue hita ya umeme tumwekee mama chumbani. Yule mwenzangu wa kazini simsemeshi. Mimi nafikiria mita ya kulipia kabla, kama LUKU, nijue moja. Nimekutumia picha za kila kitu: mkataba, taarifa ya Januari, barua pepe yao, bili ya mwisho ya kule na zile picha za mita.

Nimetapeliwa?

Mwenye Baridi, Leicester

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Nimekaa na picha zako jioni nzima, miwani puani. Kwenye bei hujatapeliwa. Ila kuna kama £80 unazodaiwa kimakosa, na hizo haziko kwa kampuni unayoikasirikia. Ziko kule mumeo anakotaka mrudi. Nitafika huko.

Kwanza weka mkataba wako na taarifa ya Januari pamoja mezani. Mkataba unasema umeme ni peni 23.9 kwa uniti (yaani kilowati-saa moja), gesi peni 5.9, na ada ya kila siku ni peni 58 kwa umeme na peni 30 kwa gesi. Taarifa ya Januari, ukurasa wa pili, kwa maandishi yale madogo ya kuumiza macho, inasema hivyo hivyo, hadi nukta. Hicho ndicho kilichofungwa: bei ya uniti na ada ya siku. Idadi ya uniti mtakazotumia haikufungwa, na mkataba wako hausemi popote kwamba imefungwa. Uniti ikiwaka inalipiwa.

Makato ya benki, hiyo dairekti debiti, ni jambo la pembeni. Ichukulie kama kibubu. Wewe unatia kiasi kilekile kila mwezi, kampuni inachota kadiri mlivyotumia. Majira ya joto inachota kidogo, kibubu kinajaa. Majira ya baridi inachota sana, kinashuka. Kiasi cha kutia kinapangwa kwa kukisia matumizi yenu ya mwaka mzima. Wakikisia kidogo, utatia kidogo, utafurahi, na mwisho wa Januari watakuja na barua pepe kama uliyoipata.

Sasa hicho kisio kilitoka wapi? Kilitoka kwenu wenyewe, wewe na mwenzako na ile simu. Ulipochagua nyumba ndogo, fomu haikujua ukubwa wa nyumba yenu. Ilikuandikia matumizi ya chini. Ofgem, mamlaka inayosimamia biashara ya umeme na gesi ya majumbani Uingereza, kwa mwaka 2025 imeyaweka matumizi ya chini kuwa uniti 1,800 za umeme na 7,500 za gesi kwa mwaka. Hiyo ni fleti ya mtu mmoja au wawili wanaoshinda kazini. Matumizi ya kati ni uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi, na ndiyo namba waliyokuandikia sasa baada ya kuona mita yako. Nyumba ina watoto wawili, bibi yao anayeshinda ndani, na mama wa nyumba anayelala mchana kwa sababu ya shifti. Mngetumia kidogo vipi?

Twende kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokutuliza. Kwa uniti 1,800 na 7,500, ukijumlisha na ada za siku, mwaka mzima ni karibu £1,194. Gawa kwa kumi na mbili, ni zile £100 zako. Kwa 2,700 na 11,500, kwa bei ileile ya mkataba wako, mwaka ni £1,645, yaani £137 kwa mwezi. Kwa hiyo mngeandika ukweli tangu siku ya kwanza, ungeambiwa £137, pungufu ya £139 uliyokuwa unalipa, lakini kwa pauni mbili tu. Hilo ndilo punguzo ulilolipata kweli. Zile pauni thelathini na tisa za kwenye simu hazikuwahi kuwepo.

Na kwa nini basi wanataka £156, siyo £137? Kwa sababu miezi minne, Oktoba hadi Januari, ulitia £100 badala ya £137. Pengo hilo la £148 limegawanywa kwenye miezi minane iliyobaki ya mkataba, ndiyo pauni kumi na tisa za juu. Nimeipiga hesabu yao mara mbili nikitafuta pa kuwakamata, sikupaona.

Utaniuliza: mbona wao wanasema deni ni £319? Hilo ni kwa sababu mlihama Oktoba. Mtu anayehama Aprili anakuwa na miezi mitano sita ya joto ya kutia akiba kabla gesi haijaanza kuliwa. Wewe uliingia na kibubu kitupu moja kwa moja kwenye baridi. Kwa mita yako, miezi ile minne mmetumia kama £719, na ulikuwa umelipa £400. Hata ungetia £137 tangu mwanzo, Januari ungekuwa unadaiwa zaidi ya £170, na hakuna mtu angekupigia kelele, kwa kuwa deni hilo lingejifuta lenyewe kufikia mwisho wa Septemba. Deni la Januari kwa aliyehama Oktoba si habari. Habari ni kama akaunti itafika sifuri mwisho wa mwaka wa mkataba.

Kampuni nayo haitoki salama hapa, tuseme ukweli. Wanajua kabisa kwamba fomu ya kuuliza ndogo, ya kati, kubwa inatoa namba ya kupendeza, na namba ya kupendeza ndiyo inayoleta wateja. Wangeweza kukuuliza matumizi yako ya mwaka uliopita. Yanaandikwa kwenye kila taarifa ya mwaka ya kampuni yako ya zamani, kwa kilowati-saa. Hawakuuliza, wala mwenzako hakujua. Msemeshe mwenzako. Alikuwa anatafuta vocha kama wewe.

Sasa hiyo £156 si amri ya mahakama. Kampuni inatakiwa ikueleze imeifikiaje, na makato yatokane na taarifa sahihi zaidi walizo nazo. Kama £156 inakubana, waambie hivyo hivyo, kwamba huimudu, na uombe deni lisambazwe muda mrefu zaidi. Wanalazimika kuangalia uwezo wako. Na kuna jambo ambalo wao hawalijui na wewe unalijua: mama anarudi Tanga mwezi wa nne. Kisio lao la uniti 11,500 limetokana na miezi minne ya baridi, mgeni ndani na dirisha wazi. Mkibaki wenyewe inaweza ikawa kubwa kupita mahitaji yenu. Kwa hiyo tuma namba za mita kila mwisho wa mwezi, usisubiri kuombwa, na mwishoni mwa Mei waandikie wakague upya. Makato yakistahili kushuka, yatashuka. Mita yako ni ya kizamani, haijitumii namba yenyewe. Usipoituma wewe, wao wanakisia, na tumeshaona kukisia kunavyokwenda.

Nimeangalia pia kama mita yako ya gesi inasoma mita za ujazo, na picha inaonyesha m³ pembeni ya namba, kwa hiyo iko sawa. Nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma: kuna mita za zamani zinazosoma futi za ujazo, na kampuni ikichanganya moja na nyingine, bili inaweza kutoka karibu mara tatu ya haki yake, au theluthi yake. Mita ni kitu cha kukitazama kwa macho yako mwenyewe.

Na nilipokuwa naitazama mita yako ndipo nikaziona zile £80. Picha ya mumeo ya tarehe 1 Oktoba inaonyesha gesi 4538. Kampuni mpya imeanzia 4538, vizuri kabisa. Sasa fungua bili ya mwisho ya kampuni ya zamani, mstari wa gesi: wamefungia 4668, na mbele yake kuna herufi E ndogo. E hiyo maana yake wamekisia. Namba ya kufungia huku na ya kufungulia kule inatakiwa iwe moja, kwa sababu mita ni moja na siku ni moja. Kutoka 4538 hadi 4668 ni mita za ujazo 130, ambazo ni kama uniti 1,450 za gesi, na kwa peni 5.48 waliyokuwa wanakutoza robo ile ya mwaka inakuja karibu £80. Gesi hiyohiyo kampuni mpya imeshakuhesabia kwenye taarifa yako. Unalipishwa mara mbili.

Andika barua pepe leo kwa kampuni zote mbili, maneno yaleyale na picha ileile. Usipige simu, simu haiachi alama. Ifungue ile picha WhatsApp na uihifadhi mahali pengine, pamoja na tarehe yake, kabla mumeo hajabadilisha simu. Waambie kampuni ya zamani kwamba unapinga namba ya kufungia ya gesi, unataka bili irekebishwe kwa 4538, na kwamba hili ni lalamiko rasmi. Maneno hayo ya mwisho usiyaache, maana yanaanzisha saa. Zikipita wiki nane bila suluhu, au wakikuandikia mapema kwamba wamefika mwisho, unaruhusiwa kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya umeme na gesi, ambaye ni bure na uamuzi wake ukiukubali kampuni inafungwa nao. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, nao watakusaidia kuandika bila malipo kama Kiingereza cha barua kinakuchosha. Wakati unasubiri, lipa zile £107 zisizo na ubishi. Mtu anayelipa anachodaiwa kwa haki na kupinga kilichozidi anasikilizwa kuliko anayenyamaza na bahasha zote.

Mumeo sasa. Mwambie Anti anamsalimu, na asifute kitu benki. Makato yakifutwa deni halifutiki. Linahama tu kutoka kwenye akaunti tulivu kwenda kwenye akaunti yenye kudaiwa, na linaweza kuingia kwenye rekodi yenu ya mikopo. Mkitaka siku moja kununua nyumba au hata kuchukua simu ya mkataba, mtakutana nalo mlangoni.

Kurudi mlikotoka ni ghali, nami nakuonyesha kwa nini. Kule mlikuwa kwenye bei inayopanda na kushuka, ile inayofuata kikomo cha bei cha Ofgem. Kikomo hicho kilianza Januari 2019, na siku hizi hubadilishwa kila miezi mitatu. Tarehe 25 Februari 2025 walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 kwa nyumba ya matumizi ya kati kingepanda kutoka £1,738 hadi £1,849 kwa mwaka. Usisikie namba hiyo ukadhani bili haiwezi kuvuka hapo. Kikomo kinashika bei ya uniti na ada ya siku, na mwenye kutumia zaidi analipa zaidi. Lakini matumizi ya kati ni hayohayo yenu, 2,700 na 11,500, kwa hiyo mnaweza kulinganisha ana kwa ana: £1,849 kule, £1,645 mlipo. Ukihama sasa kabla ya mkataba kwisha kuna ada ya kuvunja, £50 kwa umeme na £50 kwa gesi, na lile deni la £319 litadaiwa lote kwenye bili ya mwisho. Utalipa £100 ili uende ukalipe zaidi.

Kuhusu kampuni kufa, mumeo hakulitunga. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2021, kampuni karibu thelathini zilianguka kwa muda mfupi. Bulb, iliyokuwa na wateja zaidi ya milioni moja na nusu, ilianguka Novemba 2021. Ila hakuna nyumba iliyozimiwa gesi kwa sababu hiyo, na akiba za watu kwenye akaunti zililindwa. Isipokuwa wale wa Bulb, Ofgem iliwapeleka wateja kampuni nyingine. Walichopoteza wengi ni bei yao. Walikuwa wamefungiwa bei nzuri, kampuni ikafa na mkataba ukafa nayo, wakajikuta kwenye bei ya kikomo ya kampuni wasiyoichagua, na Oktoba 2022 serikali ikalazimika kuingilia kati kwa sababu kikomo kilikuwa kinakwenda £3,549. Hata hivyo usiache akiba kubwa ilale kwenye akaunti ya gesi. Ikifika Septemba una pauni mia mbili tatu zimekaa tu, ziombe zirudi. Lakini wewe leo ndiye unayedaiwa, kampuni ikifa itakuwa shida yao zaidi kuliko yako.

Mita ya kulipia kabla naielewa hamu yake. Sisi tuliokulia kwenye LUKU tunapenda kuona uniti zikishuka, na kule nyumbani TANESCO ni moja, hakuna cha kuchagua wala kukisiwa. Lakini hapa mita hiyo inakulipisha baridi wakati wa baridi. Miezi ile minne imekuwa wastani wa £180 kwa mwezi, na Januari peke yake zaidi ya hapo, na ungezitoa hizo mfukoni papo hapo, la sivyo gesi inakata na mama wa watu yuko juu ghorofani. Kwa nyumba yenye watoto na mzee, kibubu ni bora. Kama unachotaka ni kuona, omba smati mita. Kampuni huitoa bure, inajituma namba yenyewe, na kile kiskrini chake cha jikoni kitakuonyesha pauni za siku hiyohiyo.

Shemeji asinunue hita. Uniti ya umeme kwenu ni mara nne ya uniti ya gesi. Hita ya kilowati mbili inakula karibu peni 48 kwa saa. Ikiwaka saa kumi mfululizo kila siku ni kama £143 kwa mwezi, chumba kimoja tu. Akitaka kumsaidia mama yake, anunue blanketi la umeme la kitandani. Hilo ni wati mia hivi, usiku mzima halifiki peni ishirini, na mama akishaonja hatalitoa. Hakikisha tu ni jipya na lina alama za usalama, siyo la mnadani.

Limebaki la mama mkwe, ambalo nahisi ndilo lililokufanya uandike. Usimwambie wewe. Neno la joto kutoka kwa mkwe, hata ukilifunga kwa hariri, atalisikia kama anahesabiwa kula yake, na Tanga nzima itajua kabla ya Jumapili. Hili ni la mwanawe. Amkalishe, siyo mbele yako, amweleze kwamba kile kidhibiti ukutani si kama jiko la gesi kwamba ukikizungusha hadi 25 nyumba inapata moto haraka. Boila inapasha kwa mwendo uleule. 25 inaifanya tu isizime. Wakiweke 20 au 21 na kisiguswe. Kwa mzee isishuke chini ya 18, hata kama bili inauma. Baridi ya ndani inaua wazee, nawe kwa kazi yako unalijua hilo kuliko mimi. Radieta za vyumba vya juu visivyotumika mchana zipunguzwe kwa vile vifungo vyake vya pembeni, na pazia zifungwe jua likizama, ambayo Februari ni saa kumi na moja hivi jioni.

Na hewa, mama ana haki. Nyumba hizi zikifungwa zinaota ukungu. Asubuhi watoto wakishatoka, fungueni madirisha dakika kumi na boila ikiwa imezimwa, kisha mfunge. Wakati wa kupika mlango wa jikoni ufungwe na dirisha lifunguliwe. Mpe yeye jukumu hilo la asubuhi, kabisa, liwe lake. Atalisimamia kuliko ninyi nyote.

Mkataba wako unaisha mwisho wa Septemba. Siku 49 za mwisho kampuni hairuhusiwi kukutoza ada ya kuondoka, kwa hiyo kuanzia katikati ya Agosti unaweza kutafuta upya. Usipofanya kitu, Oktoba watakuhamishia wenyewe kwenye bei ya kikomo, na hapo ndipo wengi waliohama vizuri wanapoumia mwaka wa pili. Ukijaza fomu safari hii, ruka swali la nyumba ndogo au kubwa, andika uniti za taarifa yako ya mwaka. Kisha uangalie bei ya uniti na ada ya siku kabla hujaangalia ya mwezi, na kama yule mwenzako bado ana vocha, zigaweni.